Ndiyo Mia Tatu

Nikuambie mapema usije ukaninung'unikia baadaye: watu wa kwetu, huku Java ya kati, hawajui kukataa. Si woga, ni malezi. Mgeni akikuletea kitu nyumbani, hata kiwe gunia la mawe, unakipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unamwekea chai yenye sukari ya kutosha watu wanne. Ukimwambia mgeni hapana mbele ya uso wake, wewe mshenzi, na mama aliyekulea naye mshenzi. Binti mmoja, Wening, alizaliwa hapa mjini Solo, akanyonya adabu hiyo pamoja na maziwa, na yeye mwenyewe hajawahi kumkatalia mtu kitu. Basi mpaka leo najiuliza ilikuwaje asione. Lakini kipendacho moyo ni dawa, na Wening alikuwa amependa kabati.

Ndiyo, kabati. La chuma, lina trei nane na kidhibiti joto, na alilibuni mwenyewe baada ya kuacha kazi nzuri tu Jakarta, mama yake akalia wiki nzima. Lilikuwa kabati la kuivishia tempe. Sisi tempe tunakula asubuhi, mchana na jioni, na hata mtoto anajua kwamba soya ikishachemshwa na kutiwa hamira yake inataka joto la siku mbili, ndipo kuvu mweupe aishike yote iwe kitu kimoja. Huku mjini joto ni la bure. Lakini kule Boyolali, kwenye miteremko ya mlima Merbabu, mvua zikianza baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na akina mama wanaotengeneza tempe hufunika trei zao kwa magunia, wakamwomba Mungu. Wening akasema, kabati langu litawaondolea haya magunia. Akafungua kampuni, akaiita Kemul, ambalo kwetu ni blanketi.

Mtaji alipewa na Pak Wiryawan. Mzee huyu, sote twamwita Pak kama baba yetu, alikuwa na karakana ya samani za msaji hapa mjini kwa miaka arobaini. Mkewe alipofariki akaiuza, na badala ya kwenda kukaa kwa mwanawe Surabaya akitazama televisheni, akaanza kuwekeza kwenye kampuni changa za vijana. Wenye mifuko minene ya Jakarta walimwambia Wening arudi akishakua. Pak Wiryawan alimsikiliza saa nzima, akaupapasa mlango wa kabati kama apapasavyo ubao, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Ni jambo zuri."

Wening alifiwa na baba yake angali chuoni. Tangu siku ile mzee aliposema ndiyo, kila Jumamosi akawa anakwenda kwa mzee kumpelekea habari za kampuni, na habari zikiisha habanduki. Anamsafishia vizimba vya njiwa, wanakula, wanabishana juu ya pilipili. Hakumwambia mtu, lakini wiki yake yote ilikuwa inatembea kwa miguu ya Jumamosi hiyo.

Miaka mitatu ikapita, na makabati mia tatu na kumi na mawili yakapanda mlimani. Hakuna mama hata mmoja aliyelikataa. Ada ya mwezi ilikuwa bei ya bakuli mbili za supu, nao walilipa bila kukumbushwa. Kampuni ilikuwa haijasimama kwa miguu yake, ilikuwa inataka mtaji wa pili, na safari hii Jakarta walimwita wenyewe. Walitaka kitu kimoja tu: ushahidi wa watu wanaolitumia kabati kila siku. Wening akachukua kamera akijua mahali pa kwenda. Atakwenda kwa Mbok Sarinten, na Mbok kwetu ni mama, mwenye miaka sitini na kitu, aliyekuwa wa kwanza kulipokea kabati na ambaye sura yake ilikuwa kwenye kila bango la Kemul.

Kwa desturi yetu hupigi hodi kwa mtu hujatuma habari. Wening alikuwa akituma habari siku mbili kabla, kila mara. Ila wiki ile watu wa Jakarta waliuwahisha mkutano, mvua ikaharibu mtandao wa simu mlimani, naye akapanda pikipiki asubuhi akaenda hivyo hivyo.

Alimkuta Mbok Sarinten jikoni, moshi umetanda. Juu ya jiko la kuni, kwenye kichanja cha mianzi, palikuwa na tempe trei ishirini zimejipanga, zimefunikwa magunia. Kabati lilikuwa pembeni, taa yake inawaka, limewekewa kitambaa kizuri juu kama meza ya harusi.

"Hee! Mbak Wening!" Mbok aliruka akasimama mbele ya kabati, mikono ameitanua. "Karibu, dada, karibu! Umelowa! Njoo sebuleni unywe chai kwanza."

"Nitakunywa, Mbok. Nipige picha moja tu ya tempe ndani ya kabati."

"Tempe zimelala sasa hivi, tusiziamshe."

Kabati likalia. Si mlio wa mashine. Ulikuwa mlio mdogo, pii, pii, halafu mwingine, halafu kama kumi kwa pamoja. Wening alimpitia Mbok ubavuni kwa heshima zote, akafungua mlango. Trei ya kwanza mayai, trei ya pili mayai, na trei ya tatu vifaranga vya bata, vimelowa, vibaya vya sura, vinakanyagana vikimtazama.

"Mbok," alisema, "hawa ni bata."

Mbok Sarinten akachungulia juu ya bega lake. "Loo! Kweli bata. Wameingiaje humo?"

Wakatazamana. Mbok alijitahidi sana uso wake ushangae, lakini uongo haukuwa kazi yake, midomo ikaanza kumtetemeka. Wening alijikuta ameketi sakafuni, kwenye majivu, na helmeti yake kichwani.

"Tangu lini, Mbok?"

"Si zamani."

"Mbok."

"Tangu mwezi wa pili," mama yule alisema, naye akaketi chini kando yake. "Mwezi wa pili wa mwaka ule ulipolileta. Usinitazame hivyo, Mbak. Tempe yake ilikuwa nzuri kwa macho, nyeupe pee! Lakini kingo zilikauka, na harufu ya moshi hakuna. Wateja wangu sokoni wakaniuliza, Sarinten, unaumwa? Halafu linameza trei nane, na mimi nina ishirini. Hizo kumi na mbili nizipeleke wapi, nizikumbatie?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja siku ya mvua kama hii. Umelowa chapachapa, umebeba chuma mgongoni, unacheka. Ningeanzia wapi kukwambia?"

"Miaka mitatu!"

"Mwaka wa kwanza niliona haya," Mbok alisema. "Mwaka wa pili nikaona haya kwa sababu ya mwaka wa kwanza."

Wening aliuliza swali ambalo jibu lake alikwishalijua. "Na wenzako?"

Mbok akaanza kung'oa uzi kwenye kanga yake, akiwataja mmoja mmoja na alichoweka kabatini. Jirani wa juu alikuwa anakaushia sare za wajukuu. Wa kule msikitini alikuwa anahifadhia viatu, visiote ukungu. Wengi walikuwa na bata kama yeye, maana ni yeye aliyewafundisha. Tempe pia walikuwa wanaweka, lakini siku za Wening tu. Akituma habari kwamba anakuja, walikuwa wanapigiana simu kutoka kijiji hadi kijiji, bata nje, tempe ndani.

"Mlifanya kazi yote hiyo?"

"Ulikuwa unafurahi sana, Mbak," Mbok alisema, machozi yakamtoka.

Hapo Wening alicheka. Alicheka mpaka vifaranga vikanyamaza, kisha kile kicheko kikageuka, nacho kilikuwa kilio cha mtu mzima, kile kisicho na aibu wala leso. Mbok Sarinten akamvua helmeti, akamlaza kichwa mapajani. Na hivyo ndivyo mkurugenzi wa Kemul alivyoshinda asubuhi ya siku ile, nami simcheki.

Kabla hajaondoka aliuliza jambo moja, kwa sababu fundi ni fundi hata akifiwa. Katika mayai mia, wanatoka bata wangapi? Mbok akasema themanini na zaidi, kwa kuku wa kuatamia ilikuwa sitini, tena kuku akikasirika anaondoka.

Njiani kuteremka alisimamisha pikipiki penye kibanda cha mahindi akakaa. Shetani naye hana likizo. Akamwambia: kwani wewe umesema uongo gani? Makabati mia tatu na kumi na mawili yapo, yanawaka, ada inalipwa. Piga picha trei mbili za tempe, peleka Jakarta, chukua mtaji, mengine utayarekebisha mbele ya safari. Alikaa na maneno hayo mpaka mahindi yake yakapoa. Halafu aliwazia akina mama wa mlima mzima wakihamisha bata kwa ajili yake, na yeye sasa akahamishe bata kwa ajili ya watu wa Jakarta, akatoa simu. Aliandika barua palepale kwenye simu, ukweli wote, na mtandao uliporudi akaituma. Jakarta walimjibu kwa sentensi mbili, za adabu, na mkutano ukafutwa.

Siku iliyofuata akawakusanya wafanyakazi wake watano, akawaambia Kemul imefika mwisho. Hakuna aliyemlaumu. Waliagiza wali, wakala pamoja, na fundi wake wa umeme akamfungia mabaki aende nayo nyumbani, kana kwamba yeye ndiye mgonjwa.

Kampuni kufa kulimuuma, sikatai. Ila kilichomnyima usingizi ni Jumamosi. Mzee alikuwa ameuza karakana aliyoijenga na mkewe, akampa yeye. Wenye mifuko mikubwa wakipoteza hapa wanapata pale. Huyu atapata wapi? Na akishajua, atamwambia kwa upole asijisumbue tena kuja, naye Wening atabaki Jumamosi hana pa kwenda. Hilo ndilo lilikuwa likimtafuna. Pesa unaweza kuzitafuta tena, lakini baba wa pili akikuponyoka utaanzia wapi?

Jumamosi ikafika, wala haikuomba ruhusa. Pak Wiryawan alikuwa kibarazani na njiwa wake, chai tayari, sahani ya tempe ya kukaanga mezani. Wening hakuigusa. Alisimama, akasema yote kwa pumzi moja, kuanzia bata hadi Jakarta hadi wale watano, na mwisho akasema, "Nisamehe, Pak. Karakana yako na marehemu Bu, mama yetu, nimeipoteza."

Mzee akafunga kizimba kimoja, akakifungua, akakifunga tena.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Ya makabati. Nilipanda mwaka jana kununua tempe. Nikamwuliza mama mmoja kabati lake liko wapi, akanionyesha viatu."

Sikiliza, Wening hajawahi kupandisha sauti kwa mtu aliyemzidi umri. Siku hiyo alipandisha, njiwa wakaruka ndani ya vizimba.

"Mwaka mzima, Pak! Jumamosi hamsini nakuja hapa nakuletea hadithi, na wewe unasema ndiyo, mwanangu, vizuri, ongeza pilipili! Kwa nini hukunizuia? Ningeokoa nusu ya pesa yako! Ningewaokoa wale watano!"

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini, wewe?"

Mzee alitazama mikono yake. "Nilidhani nikikuambia, utaona haya, utaacha kuja," alisema. "Nyumba hii siku sita ni mimi na njiwa tu. Nikasema acha pesa iende, mtoto abaki. Nimekukosea, mwanangu. Wewe ulikuwa unazama, nami nafurahia kukaa nawe."

Wening akaketi. Hasira ilikuwa imemwishia. Kumbe hofu ilikuwa moja, wameigawana pande mbili za meza, kila mtu na chai yake. Walikaa hivyo, mtu na kamasi zake, mpaka mzee akasukuma sahani ya tempe mbele.

Sasa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Wening, hata alivyokuwa amevimba macho, kichwa chake kilikuwa kimekwishaanza kazi. Alichukua kalamu akachora kwenye karatasi ya kufungia tempe. Kabati la bata. Themanini kwa mia, Pak, na hapo halikukusudiwa. Wafugaji wa bata wamejaa kuanzia Klaten hadi Sragen. Trei zibadilishwe, joto lipande kidogo. Alisema mpaka mashavu yakamwiva, kisha akaweka kalamu chini.

"Pak, mtaji wangu wote umekwisha. Bado una imani nami? Utaniwekezea tena?"

Pak Wiryawan alifungua mdomo, na Wening aliiona ile ndiyo ya miaka yote ikija, imeshafika kwenye meno. Mzee akaufunga mdomo. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akashika ukingo wa meza.

"Hapana," alisema.

Sidhani kama neno lile liliwahi kusikika kwenye kibaraza kile. Yeye mwenyewe lilimshtua.

"Hapana, mwanangu," akasema tena, safari hii taratibu. "Umekwisha kukipenda kitu chako tena, na mfugaji wa bata hujakaa naye hata siku moja. Pesa ninayo kidogo, lakini sikupi. Mgeni ndiye asiyeambiwa hapana, na wewe hapa si mgeni. Nenda mlimani. Ukae, ufanye kazi, ushike mavi ya bata. Ukae mpaka wakuzoee hata wakutukane. Wakikutukana, nipigie simu."

Iliuma kama kidonda kilichomwagiwa limau. Lakini alipokuwa akiteremka ngazi za kibaraza, Wening aliona miguu yake myepesi, wala hakuelewa kwa nini. Mzee alimfuata mpaka langoni akamwuliza kama amekula vya kutosha.

Mbok Sarinten alimpokea kwa vigelegele, akampa godoro zuri kuliko yote na kumkataza kushika ufagio. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini Mbok siku ya tatu alimpa keki. Siku ya tano keki tena. Kila alichokiuliza juu ya kabati, jibu lilikuwa zuri, Mbak, zuri sana. Wening nusura akate tamaa. Akaamka mapema kuliko mwenyeji, akachota maji, akageuza mayai, akalowesha miguu kwenye banda la bata mpaka ikanuka, na kidogo kidogo keki zikapungua. Wiki ya pili aliambiwa akaoshe masufuria. Nusura aruke kwa furaha.

Siku ya kumi na tisa, mchana, mayai ya trei moja yamekaribia kupasuka, Wening alifungua mlango wa kabati kusoma joto. Baada ya dakika tano akafungua tena. Alipofungua mara ya nne, Mbok alikuwa nyuma yake na mwiko wa soya mkononi.

"Funga mlango! Wewe mtoto, funga huo mlango! Unawakausha, ganda litawang'ang'ania, watafia ndani! Chuo kikuu miaka mingapi, na kufunga mlango hawakukufundisha?"

"Samahani, Mbok, nilikuwa..."

"Nilikuwa, nilikuwa! Na hili dude lako lenyewe bovu! Mlango unavuja, nimeuziba kwa matambara miaka mitatu! Mahali pa maji hakuna, naweka sufuria! Trei ziko chini, mgongo wangu umepinda kwa ajili yako! Nani aliyelitengeneza? Nipe jina lake nikamtandike! Baya! Kabati baya! Toka jikoni kwangu!"

Kisha Mbok akasikia alichokisema. Mwiko ukamwanguka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Wening alikuwa ameshatoa daftari. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye karatasi, na meno yote nje. "Rudia, Mbok wangu. Polepole. Mlango, halafu maji, halafu trei. Na nini tena?"

"Unalia au unacheka?"

"Sema tu, Mbok, usiniache njiani!"

Basi Mbok akasema. Alianza kwa kunong'ona, akapata nguvu, na majirani waliposikia wakaja. Wa sare za wajukuu akasema waya ni mfupi. Wa viatu akasema taa inamulika usiku kama polisi, mumewe halali. Walisema mpaka alasiri, wakipokezana, wanacheka na kupigana vikumbo. Ndiyo mia tatu alizowahi kuzikusanya Wening hazikumfaidia kitu. Matusi ya mchana mmoja yakamjazia kurasa kumi na moja.

Alitoka nje mahali penye mtandao, akapiga simu.

"Pak," alisema. "Wamenitukana."

"Wamekuambiaje?"

Akamsomea ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mzee alikuwa anasema mh, mh, kama mtu anayesomewa barua ya mwanawe kutoka mbali. Alipofika kwenye dude bovu, akamwomba arudie hapo.

"Mimi bado sijasema ndiyo," Pak Wiryawan alisema mwishoni.

"Najua, Pak."

"Uje na hilo daftari Jumamosi, na huenda nikakuambia hapana tena."

"Niambie tu, Pak. Nitakuja."

Alisikia mzee akipenga kamasi, kisha akimkaripia njiwa ambaye sidhani alikuwa amefanya kosa lolote. Ndani, Mbok Sarinten akapaza sauti kuuliza kama yule mtoto amekwenda kulala huko nje, maana mayai hayajigeuzi yenyewe. Wening akaaga, akaingia, na mlango wa kabati akaufungua mara moja tu.